Nyimbo za Wagogo Zipandapo Jukwaani

Mwalimu akaaye Ugogo hawezi kulikwepa swali hili: ngoma ya kale ikichezwa jukwaani kwa saa iliyopangwa, mbele ya watu waliokuja kutazama tu, je, ni ngoma ile ile, au ni sura yake tu iliyobaki? Swali hili limetukaribia zaidi tangu mwaka 2009, lilipoanza tamasha la muziki wa Kigogo huko Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, kwa juhudi za Kedmon Mapana, Mgogo aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vikundi hutoka vijijini, kila kimoja na ngoma yake, navyo huimba kimoja baada ya kingine mbele ya wenyeji na wageni.

Zamani kila wimbo ulikuwa na siku yake. Msunyunho uliimbwa kwa ajili ya mvua na mavuno. Nhumbulo zilikuwa nyimbo za jando. Na muheme ni ngoma ya wanawake. Wao ndio wapigao, wameketi au kusimama na kubana mapajani ngoma zenye kiuno chembamba, wala haikuwa kazi ya wanaume. Muheme ilifuatana na mambo ya unyago, na humo mlikuwa na kukeketa watoto wa kike. Jambo hilo limekatazwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1998, nami simjui mwalimu mwenye akili atakayelililia. Lakini mapigo ya muheme hayana hatia. Yamefungamana kwa ustadi hata msikilizaji mgeni hajui ngoma ipi imeanza na ipi inajibu. Tena mtu hayajui ila kwa kukaa miaka mingi kando ya wanawake wayajuao. Desturi iliyoyabeba ikiondoka, yataketi wapi? Kwa muheme, jukwaa limekuwa nyumba ya pili, wala si mapambo.

Sasa niseme juu ya sauti zenyewe, maana hapa wengi wetu tumekosea. Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopatana, wala hawakufundishwa hayo na kwaya za Ulaya. Chukua uzi mmoja uliokazwa, kama ule wa upinde wa muziki. Ukipigwa hutoa sauti yake nene, na juu yake sauti nyembamba nyingi zilizofichwa ndani yake, moja juu ya nyingine kwa kipimo cha maumbile. Wachunguzi, Gerhard Kubik miongoni mwao, wameeleza kwamba ngazi ya sauti za Kigogo imetokana na sauti hizo za juu, tangu ya nne hata ya tisa. Basi ile ya saba haimo katika kinanda: iko chini kidogo ya kidole cheusi kilicho karibu nayo. Katika ujana wangu wa ualimu niliwazuia waimbaji mara nyingi, nikawaambia, “Mmeshuka,” nikawarudisha kwenye kinanda. Hawakushuka. Masikio yao yalikuwa sahihi kwa ngazi yao, nami nilikuwa nikiwaondolea walichokipokea kwa bibi zao.

Kosa la pili ni la maneno. Cigogo hupandisha na kushusha silabi, na mtunzi wa kale huufanya mwendo wa wimbo ufuate maneno. Ukiyatia maneno hayo katika wimbo wa kigeni, silabi ya chini hupandishwa, na msikilizaji huhangaika kutafuta maana.

Misheni ya Kanisa la Kiingereza ilitia mizizi Mpwapwa mwaka 1878, na kwa miaka mingi ngoma zilihesabiwa kuwa kazi ya giza. Kwa Wakatoliki mlango ulifunguka baada ya Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, na leo ngoma na kayamba husikika makanisani Ugogo pasipo mtu kushtuka.

Aliyeuchukua muziki huu mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma mwaka 1938. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipiga zeze na ilimba, ile marimba ya vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mti, akaliongeza vyuma vingi kuliko marimba ya wazee. Alifariki mwaka 2003. Wapo wasemao kwamba aliipindua asili. Mimi naona kwamba fundi aliyezaliwa nayo ana haki ya kuongeza chuma. Kinachonitia shaka ni mfupishaji. Jukwaani kikundi hupewa dakika chache, na mwimbishaji, ambaye kijijini angemtaja mvivu wa shamba au kumsifu mwenye mavuno kwa maneno ya papo hapo, hana tena wa kumtaja. Husema maneno aliyoyakariri. Hilo ni pungufu kubwa kuliko chuma kumi za Zawose.

Jambo jingine limetokea ambalo wazee hawakulitazamia. Pendo na Leah, wa ukoo wa Zawose, walioitikia nyuma ya wanaume kwa miaka mingi, walitoa nyimbo zao wenyewe mwaka 2024 katika sahani iitwayo Maisha, wakizipiga kwa mikono yao zeze na ilimba, vyombo vilivyokuwa vya wanaume.