Sayansi Iliyofungiwa Kabatini

Katika ofisi za walimu wakuu nilizowahi kuingia, kwenye shule za msingi zenye darasa la awali, kabati halikosekani. Rafu ya juu mara nyingi hubeba boksi la vifaa vya watoto wadogo: lenzi za kukuzia, sumaku, mizani ya plastiki, matofali ya rangi ya kujengea. Mradi uliovileta ulishakabidhi, ukapiga picha, ukaondoka. Baadhi bado vimo kwenye mifuko yake ya nailoni. Ukimuuliza mwalimu wa awali kwa nini havitumiki, jibu lake ni fupi: vitapotea.

Nami namwelewa. Kifaa kikishafika shuleni huandikwa kwenye leja. Mwalimu mkuu hutia saini, na siku akihamishwa hukabidhi kimoja baada ya kingine kwa anayempokea. Sumaku nane zikionekana sita, kuna maelezo ya kuandika. Zikiwa nane zote, safi kama zilivyotoka dukani, hakuna anayeuliza lolote. Utaratibu huu umewekwa kwa sababu nzuri, kulinda mali ya umma, lakini kwa mtoto wa miaka mitano unafunga mlango. Sumaku kwake ni kitu cha kubandika kwenye bawaba ya mlango, kuburuta mchangani, kuangusha na kuokota tena. Asipopewa nafasi ya kuiharibu, hajapewa sumaku.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mradi wa sayansi kwa watoto wadogo huamuliwa na jambo ambalo andiko la mradi huwa halilitaji kabisa: nani anaruhusiwa kugusa, na kikivunjika inakuwaje.

Kwenye karatasi mambo yamekaa vizuri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Mtaala unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kucheza, katika kona za ujifunzaji, kwa zana zinazopatikana kwenye mazingira yake. Lengo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kisha ikaja elimu bila ada. Mwaka 2015 watoto wa awali nchini walikuwa kama milioni 1. Mwaka 2016 wakazidi milioni 1.5. Ni furaha kubwa kwa nchi, maana nusu milioni hiyo ni watoto ambao wangebaki nyumbani. Ila katika shule za serikali hesabu ya watoto kwa kila mwalimu mwenye sifa ilivuka 100, na kona za ujifunzaji zikawa mahali pa kukalia.

Chukua somo la kuelea na kuzama, ambalo karibu kila mwalimu wa awali amelifundisha. Watoto mia, beseni moja. Walio mbele wanaona, walio nyuma wanasukumana. Mwalimu anatumbukiza jiwe kwa mkono wake, darasa zima linaitikia, “Limezama!” Anatumbukiza kijiti: “Kimeelea!” Ndani ya dakika kumi somo limekwisha, kila mtoto ana jibu kinywani, na hakuna aliyelowa vidole.

Walimu wanaofanikiwa, nao wapo, hutoka nje. Dumu la lita 20 likikatwa ubavuni hugeuka beseni la watoto wanane, na madumu mtaani hayana bei kubwa. Kundi moja liko kwenye maji, jingine kwenye mchanga, jingine na vifuu na visoda, kisha wanabadilishana. Mwalimu anaanza na swali, halafu ananyamaza. Nazi na shilingi, kipi kitazama? Wengi husema nazi, kwa kuwa ni nzito. Nazi inaelea, shilingi inakwenda chini, na hapo ndipo kelele zinapoanza, zile kelele ambazo mtu akipita barabarani atadhani darasa limeachwa bila mwalimu. Kisha wanapewa donge la udongo wa mfinyanzi. Linazama. Litandaze, nyanyua kingo kama za bakuli, ulitue polepole: linaelea. Sasa pakia kokoto. Ngapi kabla halijazama? Mtoto wa pembeni amefanya kingo ndefu zaidi, lake limebeba nyingi. Wengine wanachungulia, wanabomoa yao, wanafinyanga upya. Kubuni, kujaribu, kuona kasoro, kurekebisha: kazi ya mhandisi ni hiyo hiyo, na udongo uliharibika mara nyingi kabla haujafanikiwa.

Tena watoto wetu hawaji mikono mitupu. Nje ya geti la shule utamkuta wa miaka saba akisukuma kigari cha waya chenye magurudumu aliyoyakata kwenye kandambili chakavu, na usukani unaokata kona kweli. Mdogo wake wa awali anamtazama kila jioni. Inaniuma kwamba mtoto huyu akivuka geti, ujuzi huo unahesabiwa kuwa utundu.

Tatizo la kumnyima mtoto uhuru wa kugusa vifaa si letu peke yetu, wala si jipya. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya sufu, tufe na vitofali vya mbao ili wajenge na kubomoa. Marekani ilivipokea, kampuni ya Milton Bradley ikavitengeneza kwa ajili ya kuuza, na baada ya miaka walimu wengi wakawa wanawaongoza watoto kuvipanga kwa zamu na kwa amri. Alihitajika mwalimu kama Patty Smith Hill kuwarudishia watoto uhuru, kwa matofali makubwa ambayo waliweza kujengea nyumba na kuingia ndani.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina mfano wake wa kuwapa watoto uhuru huo, nami huutaja kila ninapopata nafasi. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa waliomba msaada wa Aga Khan, ndipo shule za awali za Madrasa zikaanza, Bi Swafiya Said akiongoza. Zikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Zilichukua utaratibu wa HighScope wa Michigan: mtoto hupanga atakalofanya, hulifanya, kisha hulieleza. Vifaa vilitengenezwa palepale, kwa vifuu, makuti, vitambaa na mbao, mara nyingi na kina mama wenyewe. Kikivunjika, aliyekitengeneza yupo jirani. Na mkufunzi hakuja siku moja ya semina akatoweka; alirudi tena na tena kwa takriban miaka miwili, akikaa darasani na mwalimu. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto wa shule hizo walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa shule nyingine za awali.

Wazazi ni sura nyingine ya tatizo. Mama aliyefua sare jana hafurahii matope, na daftari tupu humtia hofu, kwa sababu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndizo anazoziona zikipimwa. Mwalimu anayewaita wazazi waje kuona watoto wakipakia kokoto hupunguza hofu hiyo kuliko barua yoyote.

Sasa fedha zipo. Mradi wa BOOST, kwa dola milioni 500 za Benki ya Dunia, unajenga madarasa, yakiwemo ya awali ya mfano, na mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Majengo hayo yanahitajika mno. Ombi langu ni dogo, na halidai mkopo mpya. Vifaa vya sayansi vya darasa la awali viandikwe kwenye leja pamoja na chaki, kama vitu vinavyotumika na kwisha, na sehemu ya ruzuku itengwe kila muhula kuvijaza upya. Mkufunzi alipwe nauli ya kurudi shuleni tena na tena. Na mthibiti ubora wa shule akifika, baada ya kuuliza vifaa vingapi vipo, aulize pia vingapi vimevunjika tangu muhula uanze, na watoto walikuwa wanafanya nini vilipovunjika.