Dawa na mionzi kwa pamoja: Tumaini kwa wenye saratani ya mlango wa kizazi

MWANAMKE wa Sosiot, Kaunti ya Kericho, anapoambiwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi imeenea kiasi cha kutoondolewa kwa upasuaji, jamaa wengi hudhani safari imefika ukingoni.

Sivyo. Iwapo ugonjwa haujafika mapafu, ini au mifupa, madaktari bado wanaweza kuutibu kwa nia ya kuuponya. Tiba yenyewe ni mionzi na dawa za kemikali zinazotolewa katika kipindi kimoja.

Zamani mionzi pekee ndiyo iliyotegemewa. Mwaka wa 1999, Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani iliwashauri madaktari kubadili mwenendo huo, baada ya tafiti tano kuonyesha kuwa kuongeza dawa za kemikali, hasa cisplatin, kulipunguza vifo.

Mionzi huharibu chembechembe za urithi ndani ya seli za saratani. Seli hizo hujaribu kujikarabati, na hapo ndipo cisplatin huzizuia. Kwa hivyo dawa huyapa makali mapigo ya mionzi.

Kwa kawaida mgonjwa hupigwa mionzi kutoka nje siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi, huku akitiwa dawa mshipani mara moja kila wiki. Baadaye chombo maalum huingizwa ukeni ili mionzi iufikie uvimbe kwa karibu. Hatua hii ya mwisho haifai kuachwa hata kama damu imekoma na maumivu yametulia.

Kabla ya kuanza, damu na figo hupimwa, kwani cisplatin huweza kudhuru figo, na uvimbe nao huweza kuziba mirija ya mkojo. Kichefuchefu, kuhara na uchovu ni mambo ya kutarajiwa. Mgonjwa amweleze daktari badala ya kutoroka tiba.

Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni muda. Tiba yote inapaswa kukamilika ndani ya wiki nane, kwa sababu kuikatiza huipa saratani nafasi ya kukua tena. Kwa kuwa mashine za mionzi ziko katika miji kama Nakuru, Eldoret na Nairobi, familia ya Sosiot ipange mapema nauli, malazi karibu na hospitali, mtu wa kubaki na watoto, na malipo ya bima ya SHA.

Utafiti uliochapishwa 2024 umeongeza matumaini. Wagonjwa waliotangulizwa dawa za carboplatin na paclitaxel kwa wiki sita kabla ya tiba hiyo ya pamoja walinufaika zaidi: asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitano, ikilinganishwa na 72 ya wasiotangulizwa.

Hata hivyo, kinga ni bora. Tangu Oktoba 2019, Kenya huwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani hii. Nao akina mama, hasa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wapimwe mara kwa mara.

Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, asingoje msimu wa kuchuma majani chai uishe. Aende kituo cha afya leo.