KABLA YA KUTEREMKA, JIFUNZE KUSIMAMA

Ndugu msomaji, huenda siku moja kijana wako akakuomba ruhusa ya kwenda kuteremka mlima akiwa amesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne. Usimkatalie kwa haraka, wala usimkubalie kwa haraka. Yafaa kwanza uufahamu mchezo wenyewe, na ujue swali linalompasa mzazi kuuliza.

Mchezo huu ulizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1950. Vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi ya bahari walifunga magurudumu chini ya mbao ili wateleze barabarani. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa magumu mno. Yaliteleza ovyo, na kijiwe kidogo kiliweza kuyakwamisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Frank Nasworthy alileta magurudumu ya poliurethani, aina ya plastiki inayoshika barabara vizuri. Baadaye ubao mrefu, yaani longibodi, ukawa chombo cha kuteremkia milima. Mwaka 2017, huko Quebec, Kanada, Mwingereza Pete Connolly aliteremka kwa mwendo wa kilomita 146.73 kwa saa.

SAFARI YA SIKU MOJA

Mojawapo ya barabara zinazojulikana kwa mchezo huu ni Glendora Mountain Road, katika milima ya San Gabriel karibu na Los Angeles. Ina kona nyingi, na humo hupita magari, pikipiki na baiskeli. Kwa sababu hiyo, wenye busara huondoka mapema, kabla magari hayajawa mengi. Hupanda mlima polepole kwa gari, wakikagua mchanga, mawe, nyufa na mafuta yaliyomwagika. Hukubaliana mahali pa kusimama, na kwamba hakuna atakayevuka mstari wa katikati ya barabara. Kisha huvaa kofia ngumu zinazofunika uso mzima, kinga za magoti, na glavu zenye kipande cha plastiki ngumu kiganjani.

Glavu hiyo ni sehemu ya breki, kwani ubao wenyewe hauna. Mwenye mwendo mdogo huburuza soli ya kiatu. Mwenye mwendo mkubwa huchutama, huegemeza kiganja chini, kisha huugeuza ubao ukingame njia hadi magurudumu yaburuzike. Ustadi huo haupatikani kwa siku moja. Hufunzwa kidogo kidogo, kwenye mteremko mfupi unaoishia mahali tambarare pasipo magari.

HESABU YA KONA

Hebu tufanye hesabu. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde. Lori likijitokeza kwenye kona, meta 30 mbele yake, hana hata sekunde mbili za kuamua. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2012, vijana wawili, wenye umri wa miaka 14 na 15, walifariki kwa nyakati tofauti walipokuwa wakiteremka kwa mbao hizo katika mitaa ya San Pedro, Los Angeles. Mwaka huo huo baraza la jiji lilipitisha sheria. Halikuupiga mchezo marufuku; liliwataka wachezaji wasimame penye alama za kusimama na wasizidi mwendo unaoruhusiwa. Aidha, sheria ya California inamtaka kila mchezaji aliye chini ya miaka 18 avae kofia ngumu.

Basi, ndugu mzazi, kijana akija kukuomba ruhusa, usimwulize anaweza kwenda kasi kiasi gani. Mwambie: “Nionyeshe unavyosimama.” Nenda naye kwenye mteremko mdogo, uweke alama chini, umtazame akisimama hapo mara kumi mfululizo. Akishindwa hata mara moja, mlima na umsubiri. Upo, hauendi popote.