Saratani Inapohamia Kiungo cha Taya (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona seli za saratani zinavyobanduka kwenye uvimbe wa kwanza na kusafiri na damu. Leo tuzifuate hadi kiungo cha taya, kile unachokisikia kikicheza mbele ya sikio unapofungua kinywa.

Ni nadra kufika huko. Miongoni mwa saratani zote za kinywa na taya, zilizohamia kutoka kwingineko ni takriban asilimia 1, na nyingi kati ya hizo hutua nyuma ya taya la chini, penye magego. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliouawa na saratani ya titi, akasema seli hizo ni mbegu: hutawanyika kila upande, ila huota penye udongo unaozifaa. Katika mifupa, udongo huo ni uboho mwekundu. Magegoni humo hubaki hata mtu akizeeka. Kwenye kichwa cha taya, yaani kiungoni, ni haba.

Kwa kuwa saratani hufika huko mara chache, hatuifikirii, na hilo ndilo linalotuponza. Maumivu mbele ya sikio, kinywa kisichofunguka sawasawa, kidevu kinachokwenda upande, meno yasiyokutana: haya ndiyo malalamiko ya kila siku ya kiungo kilichochoka au cha mtu anayesaga meno usingizini. Basi mgonjwa hupewa vidonge vya maumivu, au hung'olewa jino lisilo na kosa, na miezi inapita.

Swali la maana, nionavyo mimi, halihusu taya kabisa: umewahi kutibiwa saratani? Ya titi, pafu, tezi dume, figo? Hata aliyepona miaka mingi nyuma aulizwe. Akiwa na uvimbe, au ganzi ya kidevu na mdomo wa chini isiyo na sababu, asirudishwe nyumbani na vidonge. Apigwe picha ya CT, kisha kinyama kipimwe maabara. (Wapo ambao taya ndilo lililofichua saratani wasiyoijua, kwa hiyo jibu la “hapana” nalo lisitulaze.)

Saratani ikithibitishwa, mionzi hutuliza maumivu. Dawa nyingine hufuata saratani ya asili, si taya. Zile za kuimarisha mifupa zina hatari yake: jino liking'olewa baada ya kuzianza, mfupa wa taya unaweza kufa. Meno mabovu yashughulikiwe kabla. Hilo tutalieleza kwa kirefu juma lijalo.