Kitufe cha Mwenda kwa Miguu

Mama atokaye Nakivale kumpeleka mtoto wake katika hospitali ya rufaa ya Mbarara huwa amezoea barabara ya udongo, ambako gari husikika kabla halijaonekana, na vumbi lake hutoa habari tangu mbali. Afikapo Kakoba mambo hubadilika. Lami ni pana, malori ya Masaka na Kampala yapita kwa kasi, na bodaboda huchomoza pande zote. Mtoto yu mgongoni, mzigo u kichwani, na ng'ambo ya barabara ndiko aendako.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Uganda magari hupita upande wa kushoto, lakini katika Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia, walikotoka wakazi wengi wa Nakivale, magari hupita upande wa kulia. Mtu aliyefunzwa tangu utotoni kutazama kushoto kwanza hufanya vivyo hivyo Kakoba, na kumbe gari la kwanza lamjia kutoka kulia. Jamaa wengine wamekwisha pata nafasi ya kuhamia Marekani au Kanada, na huko desturi hugeuka tena. Hukuta pia chombo ambacho pengine hawajakigusa maishani: kitufe kilichotiwa katika mlingoti wa taa za barabarani.

Kazi ya kitufe

Watu wengi hudhani kuwa kitufe hicho huzima taa ya magari papo hapo. Sivyo. Kitufe ni njia ya kupeleka ombi. Kibonyezwapo, umeme hupita katika waya mpaka kwenye kasha la mitambo lililosimamishwa pembeni mwa barabara. Kasha hilo ndilo liongozalo taa zote. Hulipokea ombi, hulihifadhi, na mara nyingi huwasha taa ndogo kumjulisha mtu kuwa amesikiwa na sasa angoje. Anayebonyeza mara moja na anayebonyeza mara kumi wamepeleka ombi lile lile. Mtambo hauharakishwi kwa hasira.

Baada ya hapo kila kitu hufuata zamu. Magari hupewa kwanza muda wao mdogo wa kupita, kisha taa ya manjano huwaka, kisha nyekundu. Kwa sekunde chache pande zote huzuiwa, ili gari lililochelewa limalize kupita. Ndipo huonekana alama ya mtu atembeaye. Alama ianzapo kumetameta, maana yake si "kimbia". Maana yake ni kwamba aliye barabarani amalize, na aliye ukingoni asianze.

Kwa nini mtu aombe na gari lisiombe? Sababu ni chuma. Katika njia panda nyingi zenye taa, waya umezikwa chini ya lami kwa umbo la duara au mraba, na umeme hupita ndani yake. Gari lisimamapo juu, chuma chake huubadili mwendo wa umeme huo, na mtambo hutambua kuwa gari limefika. Mwili wa mwanadamu hauna chuma cha kutosha. Asipobonyeza, huenda mtambo usijue kabisa kuwa yupo, naye angoje bure huku zamu zikipita.

Lakini si kila kitufe hufanya kazi. Mahali ambapo taa zimepangiwa muda usiobadilika, alama ya kuvuka huja kwa zamu yake, kitufe kibonyezwe kisibonyezwe. Mwaka 2004 gazeti la The New York Times liliandika kuwa katika mji huo vitufe zaidi ya 2,500, kati ya 3,250 hivi, vilikuwa vimekwisha katwa kazi baada ya kompyuta kushika uongozi wa taa. Watu waliendelea kuvibonyeza. Hata hivyo ni vyema kubonyeza, kwani mgeni hawezi kujua kipi ni kizima na kipi kimekufa.

Polisi na taa

Historia ya taa hizi imeandamana na ya polisi. Taa ya kwanza ilisimamishwa London mwezi Desemba 1868, karibu na Bunge, ikaendeshwa kwa mkono na polisi na kuwashwa kwa gesi. Mwezi uliofuata ililipuka na kumjeruhi mwendeshaji wake. Mwaka 1920 polisi wa Detroit, William Potts, alitengeneza taa ya rangi tatu yenye kutazama pande nne. Hata leo, polisi asimamapo katikati ya njia panda, ishara ya mkono wake ndiyo ya kufuatwa, taa iseme isemavyo.

Sekunde za kuvuka

Wahandisi wengi hukadiria kuwa mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 basi yahitaji sekunde 12 hivi. Mzee, mjamzito, au askari aliyejeruhiwa atembeaye kwa mkongojo huenda akatembea mita 0.8 tu, naye ahitaji zaidi ya sekunde 17. Kijana mwenye nguvu avukapo pamoja naye, yafaa aende kwa mwendo wa mzee, wala asimwache nyuma.

Dereva naye akumbuke kuwa gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, gari limekwisha kula urefu wa barabara pana. Kwa hiyo hata alama ya kijani si ngao. Mwenye kuvuka ahakikishe kwanza kuwa magari yamesimama kweli.

Pale ambapo hakuna taa wala kitufe, macho na masikio ndiyo mtambo. Wazazi wa Kakoba na Nakivale wawafunze watoto hivi: simama ukingoni, tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka kwa kutembea, mtoto ameshikwa mkono. Ajaliwaye kuhamia nchi ya magari ya kulia aligeuze somo hilo siku ile ile afikapo: kushoto, kulia, kushoto tena. Mazoea yana taabu, na barabara haimngoji mtu ayaache.