Mkate mkavu wa sikukuu: bibi wa Bukavu na mjukuu wa Kentucky



Noeli inakaribia, Bonane iko nyuma yake, na katika kikundi chetu maneno yamekwisha kuanza: kuku ni bei gani, makala yamepanda, watoto watakula nini. Juma hili tunataka kuwaeleza chakula kimoja ambacho wengi wetu hatukukijua hata mwaka uliopita. Ni mkate, lakini si mkate wa chai. Ni mkate mkavu unaokatwa vipande, unachanganywa na vitunguu na supu ya kuku, halafu unapikwa polepole mpaka unakuwa chakula cha sikukuu.

Tulikijua kwa njia hii. Mama mmoja wa kikundi chetu ana binti yake huko Marekani, katika jimbo la Kentucky. Binti huyo alikimbia vita, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha akapelekwa Marekani pamoja na watoto wake. Msichana wake mkubwa alizaliwa kambini na sasa ana miaka 10. Kila siku ya Mungu wanapiga simu. Zamani mtoto alikuwa anazungumza na bibi yake mpaka mama yake anamnyang'anya simu. Mwaka ulipopita maneno yakapungua. Ikabaki "Jambo bibi", halafu "Ndiyo bibi", halafu simu inarudi kwa mama. Kiswahili kilikuwa kinamtoka, na alikuwa anaona haya kukosea.

Bibi alituambia katika mkutano: "Mjukuu wangu ananipotea, na huku namsikia." Sisi wote tulinyamaza, maana wengi kati yetu tuna watoto na wajukuu waliotawanyika hivyo.

Siku ya Shukrani

Wamarekani wana sikukuu kubwa ya familia inayoitwa Siku ya Shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kwa nchi nzima katika mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 iliiweka Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Siku hiyo ndugu wanakusanyika na kula bata mzinga, yule ambaye kwetu wengi wanamwita dindo. Pembeni ya bata mzinga hapakosi huo mkate tunaouzungumzia. Zamani waliujaza ndani ya tumbo la ndege, na wengine wanafanya hivyo hata leo. Wengi pia wanaupikia nje, katika chombo chake, na tena wanaupika wakati wa Noeli.

Mwaka wa kwanza wa binti yetu huko, mwalimu wa shule aliwauliza watoto: "Kwenu mama anapika nini siku hiyo?" Msichana alirudi nyumbani akiwa na swali hilo. Mama yake alikuwa anafanya kazi usiku katika ghala, anarudi asubuhi akiwa amechoka. Hata hivyo alitaka mtoto apate jibu. Alinunua mkate mpya, laini, akaumwagia maji mengi ya kuku, akaufunika motoni. Ukawa uji. Watoto wakausukuma pembeni, wakala sombe. Siku hiyo alimpigia mama yake simu akilia. Alisema kwamba chakula cha huko hakiwezi, na chakula cha kwetu watoto wanaanza kukiacha, sasa yeye ni mama wa wapi?

Mwaka wa pili jirani yake, mwanamke mzee Mmarekani, alimwonyesha kosa lake, na kosa lilikuwa dogo: mkate lazima ukauke kwanza. Mkate mpya una maji yake ndani, kwa hiyo hauna nafasi ya kunywa supu. Mkate uliokauka unainywa supu na kubaki na umbo lake. Jirani akamwonyesha pia kuupika katika chungu cha umeme cha polepole, kwa sababu tanuri ya nyumba ile ni ndogo na bata mzinga anaijaza peke yake.

Chungu kinachopika wewe ukiwa umelala

Chungu hiki ni bakuli zito la udongo wa kuchoma, ndani ya sanduku lenye nyaya za moto kuzunguka pande zake. Hakichemshi kwa nguvu. Kinapika kwa joto dogo saa nyingi. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hati ya ubunifu wake katika mwaka 1940. Alilipata wazo kutoka kwa mama yake. Mama huyo alimsimulia jinsi Wayahudi wa kwao huko Lithuania walivyopeleka vyungu vya maharagi na nyama kwa mwoka mikate Ijumaa jioni. Siku ya Sabato hawaruhusiwi kuwasha moto, basi vyungu vilikaa usiku kucha katika joto lililobaki ndani ya tanuri. Tangu mwaka 1971 chungu hiki kimeuzwa kwa jina la Crock-Pot, na kilipendwa hasa na wanawake wanaofanya kazi nje ya nyumba.

Mkate wenyewe pia una historia ya mwanamke. Katika mwaka 1972 kampuni moja ya Marekani, General Foods, ilianza kuuza mkate huu ukiwa mkavu ndani ya boksi. Katika waliobuni njia hiyo alikuwamo Ruth Siems, mama aliyesomea mambo ya nyumbani. Ukubwa wa kipande cha mkate ulikuwa jambo kubwa katika kazi yao: kikiwa kidogo sana kinavurugika, kikiwa kikubwa sana kinabaki kikavu katikati. Wasichana wetu wanaoambiwa kwamba mapishi si masomo wasikie hilo.

Jinsi binti yetu anavyoupika

Kwa watu 8 au 10 anachukua:

- mkate mkavu gramu 700, uliokatwa vipande vya sentimita 2;
- siagi gramu 125;
- vitunguu 2 vikubwa na miti 4 ya seleri, vyote vilivyokatwa vidogo;
- supu ya kuku iliyo moto, vikombe 3;
- mayai 2 yaliyopigwa;
- chumvi, pilipili manga, na majani makavu ya harufu. Huko wanapenda yale ambayo Wafaransa wanayaita sauge.

Usiku uliotangulia anatandaza vipande vya mkate mezani vikauke. Asubuhi anakaanga vitunguu na seleri kwa siagi mpaka vilainike, anavichanganya na mkate, anatia viungo. Anaonja chumvi kabla ya kutia mayai, kwa sababu yai bichi si la kuonja. Kisha anamimina supu kidogo kidogo. Mkate unatakiwa kulowa bila kuogelea: ukiukamua mkononi, ushikamane lakini usichuruzike. Ndipo anatia mayai, anageuza taratibu, na kuuweka katika chungu kilichopakwa siagi. Anaacha joto kubwa kwa dakika 45, kisha joto dogo kwa saa 4 hivi. Chini ya mfuniko anaweka kitambaa safi kinachonywa matone ya mvuke, na pembe zake anazikunja juu ya mfuniko zisiguse sehemu yenye moto. Halafu analala. Watoto wamekatazwa kufunua, maana kila mara ukifunua joto linatoka na kazi inaanza upya.

Mambo ya hatari tusiyoyacheza

Mama, joto dogo lina faida, lakini lina sheria zake. Vijidudu vinavyoumiza tumbo vinazaliana vizuri chakula kikiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 4 na 60. Chakula chenye mayai au supu ya nyama kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa 2. Mkate huu umeiva pale katikati yake panapofika nyuzi 74. Ndiyo maana mkate uliojazwa ndani ya tumbo la ndege ni wa kuangalia sana: nyama ya nje inaweza kuonekana imeiva, na katikati ya mkate bado.

Jambo la pili linawahusu wale wanaotumiwa vyombo na ndugu zao. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni volti 220. Katika nyumba moja ya kikundi chetu, chungu kilichotoka huko kiliingizwa ukutani moja kwa moja. Kilitoa moshi na kufa siku ile ile. Na hata kama kingekuwa cha volti zetu, umeme ukikatika saa 3 chakula kinabaki vuguvugu ndani, na mama anaweza asijue.

Jambo la tatu ni maharagi. Maharagi mekundu yana sumu yake ya asili, na joto dogo la chungu hicho haliiondoi. Yalowekeni usiku kucha, mwageni maji yale, yachemsheni kwa nguvu nusu saa katika maji mapya, ndipo yaendelee polepole. Wenye ndugu Marekani wawaambie hilo, maana maharagi ndiyo chakula cha kwanza ambacho mama wa kwetu atataka kukipika humo.

Tulivyojaribu kwenye mbabula

Bibi alisema: "Kama mjukuu wangu anakula kitu hicho, na mimi nitakila." Basi tulikutana kwake Jumamosi moja, watu sita. Tulichukua nusu ya vipimo: mkate wa siku mbili gramu 350, kitunguu 1, miti 2 ya seleri pamoja na majani yake, mafuta vijiko 4 vya mezani, supu ya kuku kikombe 1 na nusu, yai 1. Tulichagua mkate kwa macho, kipande kwa kipande. Mkate wenye ukungu hatuukwangui ili tutumie upande wa pili: unatupwa wote, kwa sababu ukungu unaingia ndani bila kuonekana.

Tulipaka mafuta sufuria nzito, tukatandika jani la ndizi lililopitishwa motoni, tukapanga mkate wetu na kufunika. Makala machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Tuliacha dakika 45. Tulipochoma kisu katikati kilitoka kikiwa cha moto sana, na hapakuwa na yai bichi. Juu palikuwa pamekauka kidogo na rangi nzuri, chini palikuwa laini. Harufu yake iliwaita watoto wa majirani wote.

Tuseme ukweli: si wote walioupenda. Mmoja wetu alisema ni chakula cha mtu asiye na meno. Lakini sufuria ilikwisha, na hiyo ni vizuri, maana asiye na friji hapaswi kulaza chakula cha namna hii.

Simu ya saa mbili usiku

Alhamisi ile ya Novemba, kwetu ilipokuwa saa 2 usiku, kwao ilikuwa saa 7 mchana. Binti alipiga simu, na bibi akaomba apewe mjukuu wake. Hakumuuliza habari za shule. Alimuuliza: "Ule mkate wenu, mnaukausha siku ngapi? Wangu nimeuacha siku mbili."

Mtoto alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Bibi, wewe pia umepika?" Na akaanza kueleza. Neno la seleri halikumjia, akasema "majani ya fimbo fimbo". Neno la kuloweka akalikosa, akasema "mkate unakunywa". Bibi hakumsahihisha. Alimwambia tu: "Ndiyo, unakunywa, endelea." Walizungumza mpaka vitengo vya simu vikakaribia kwisha.

Sasa kila siku ya Mungu kuna swali la mapishi. Juma lililopita ilikuwa zamu ya mtoto kuuliza, naye alitaka kujua sombe inatwangwa kwa muda gani.

Sisi kama walimu na wazazi tumejifunza hapo. Mtoto anayeona haya ya lugha tusimpe mtihani kwenye simu. Tumpe kazi ya kutufundisha kitu anachokijua yeye, na maneno yatamfuata. Hilo halihitaji mkate wa Marekani. Kama mna mjukuu Kigoma, Kampala au Ulaya, mwulizeni wanakula nini siku ya sikukuu, mkipike kwa vile mlivyo navyo, halafu mpige simu kusema kilivyotoka, hata kama kimeungua.

Mkutano wetu wa juma lijalo, kila mama aje na kipimo kimoja cha chakula cha Noeli anachokipika kwake. Na mkate uliobaki, mradi ni safi, msiutupe.