Kiingereza Kidato cha Kwanza: Mambo ya Kufahamu Wazazi na Walezi

Kila Januari, shule za sekondari za kata hupokea wanafunzi waliohitimu darasa la saba. Pamoja na sare mpya na walimu wapya, hubadilika pia lugha ya kufundishia. Tangu mwaka 1967, elimu ya msingi katika shule nyingi za Serikali hutolewa kwa Kiswahili, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Katika sekondari mambo hugeuka: masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Uzito wa badiliko hilo huonekana zaidi kwenye mitihani. Cambridge ya Uingereza, ambayo mitihani yake hufanywa na baadhi ya shule binafsi nchini, hutahini somo la Kiingereza kwa njia mbili: moja kwa mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza, nyingine kwa anayejifunza kama lugha ya pili. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania hakuna mgawanyo wa namna hiyo. Mtahiniwa wa Biolojia, Jiografia au Historia husoma swali na kulijibu kwa Kiingereza, awe amelelewa nacho nyumbani au amekutana nacho darasani tu.

Kwa sababu hiyo, alama ndogo si lazima ziwe dalili ya uvivu au uzito wa akili. Mwanafunzi anaweza kufahamu vema jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, lakini akitakiwa kueleza, yeye akataja tu, hupoteza alama kwa jambo analolijua. Baraza, katika taarifa zake za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, limekuwa likitaja udhaifu katika lugha ya Kiingereza miongoni mwa sababu za majibu hafifu. Taarifa hizo zinapatikana katika tovuti yake.

Muda wa kujiandaa ni mfupi. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao alama ya chini ya ufaulu katika somo ni 30, hufanyika kabla mwanafunzi hajatimiza miaka miwili sekondari. Shule nyingi huanza mwaka kwa kozi ya awali ya Kiingereza, hivyo anayechelewa kuripoti huikosa hatua ambayo haitarudiwa. Mzazi ambaye hajakamilisha sare anashauriwa kuzungumza na Mkuu wa Shule mapema, badala ya kumbakiza mtoto nyumbani.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana nafasi yake. Jioni, amwombe mtoto amweleze kwa Kiswahili alichojifunza siku hiyo. Akieleza vizuri, somo limeeleweka na kilichobaki ni maneno ya kulisemea. Akishindwa, arudi kwa mwalimu wa somo. Daftari la msamiati, pamoja na mazoezi ya kutofautisha maswali yanayotaka kutaja, kueleza na kulinganisha, humsaidia mwanafunzi katika kila somo.

Wazazi na walezi wanaoona watoto wao wanasitasita au wanaanza kuchukia shule wanahimizwa kumwona Mkuu wa Shule au Afisa Elimu Kata mapema, pasipo kusubiri matokeo.